Magadi ya Asili, Meno ya Kahawia

Kuna pakiti inayouzwa siku hizi kwenye kurasa za wauza vyakula vya asili mitandaoni. Ndani yake mna unga mweupe unaoelekea kijivu, na juu imeandikwa: "Magadi ya asili, hayana kemikali." Nasoma shahada ya uzamili ya jiolojia, na kwa mwaka mzima sasa kazi yangu ni kupima kemikali zilizomo ndani ya kitu hicho hicho kisicho na kemikali.

Ningecheka tu na kupita kama pakiti hiyo isingekuwa inaishia kwenye uji wa mtoto.

Nianze na ziwa, maana ugomvi wangu wote unatoka huko. Magadi, kusini mwa Kenya, na Natron, upande wetu wa mpaka, ni maziwa yasiyo na mto wa kutokea. Maji huingia kwa vijito vya msimu na chemchemi za moto, kisha hayana pa kwenda isipokuwa juu, hewani. Masika yakinyesha vizuri, ukoko wa chumvi hufunikwa na maji ya kina kifupi. Kiangazi kikikaza, maji yanaondoka na ukoko unarudi, mweupe, mahali pengine wenye rangi ya waridi kwa sababu ya vijidudu vinavyopenda chumvi. Huko Magadi ukoko huo umejirundika kwa maelfu ya miaka hadi kufikia unene wa makumi ya mita, na kiwanda kimekuwa kikiuchimba tangu miaka ya 1910. Wanajiolojia wanauita trona: sodiamu kabonati na sodiamu bikabonati zilizoshikana pamoja na maji. Bibi zetu wanauita magadi. Neno hilo la jikoni limefika hadi kwenye orodha ya madini ya dunia, kwa kuwa mwaka 1967 Hans Eugster alieleza madini mapya ya sodiamu na silika kutoka ziwa hilo na kuyaita magadiite, pamoja na ndugu yake kenyaite. (Mwalimu naye ana madini yake, nyerereite, yaliyomo kwenye lava ya Ol Doinyo Lengai. Lava hiyo hutoka nyeusi na ndani ya siku chache, ikikutana na unyevu, hugeuka nyeupe. Sijui kwa nini hatufundishwi hili shule ya msingi.)

Sasa jambo lenyewe. Miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa ina floridi nyingi, na maji yanayopita humo huichukua. Maji yakiwa na kalsiamu ya kutosha, kalsiamu huikamata floridi na kuiangusha chini iwe jiwe. Lakini maji yanayoingia kwenye maziwa haya yamejaa kabonati, na kabonati imeshaichukua kalsiamu mapema na kuzama nayo kama chokaa. Floridi inabaki bila mwenzi. Inaendelea kuogelea huku ziwa likikauka. Fuwele za trona zinajijenga, na floridi inasukumwa kwenye maji ya mwisho mwisho, yale yanayokauka juu kabisa ya ukoko, pembezoni, kwenye nyufa na kwenye udongo wa kandokando. Hapo ndipo yanapozaliwa madini mawili ambayo hutayaona kwa macho ndani ya unga: villiaumite, ambayo ni sodiamu floridi tupu, na kogarkoite, ambayo ni sodiamu, salfeti na floridi. Sodiamu floridi ndiyo hiyo hiyo inayotiwa kwenye dawa nyingi za meno, kwa kipimo, nasi tunafundishwa tangu utotoni kusukutua na kutema. Ya kwenye magadi haina kipimo, na hakuna anayeitema.

Kwa hiyo "magadi" si kitu kimoja. Bonge lililovunjwa kwenye ukoko mnene, lenye fuwele zinazometa kama barafu, kwa kawaida lina floridi kidogo kuliko vumbi jeupe lililokwanguliwa juu ya ardhi baada ya jua kali. Vyote viwili vinalainisha maharage, na vyote vinaitwa jina moja sokoni. Na mwenye biashara ya "asili" huchagua vumbi, kwa sababu halihitaji kusagwa na linaonekana vizuri kwenye picha.

Floridi ikizidi wakati meno yanajengeka ndani ya fizi, yaani kabla ya mtoto kufikisha miaka minane hivi, jino linatoka na madoa ya chokaa, au la kahawia, au lenye vishimo. Mswaki hauondoi. Ikizidi zaidi na kwa miaka mingi, hushika mifupa. Kaskazini mwa Tanzania tunalijua hili kiasi kwamba tunalifanyia utani, "meno ya Arusha", na kila mtu huonyesha kidole kwenye maji. Ni kweli, maji yana lawama kubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri floridi isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na tuna visima vinavyovuka hapo kwa mbali. Lakini tafiti zilizofanyika kaskazini katika miaka ya 1990 zilikuta watoto wenye meno yaliyoharibika hata kwenye vijiji ambavyo maji yake yana floridi kidogo. Watafiti walipofuatilia, walifika jikoni, kwenye magadi.

Rafiki yangu mmoja, mtoto wa Meru, ana shahada yenye alama kuliko yangu. Kwenye usaili wa kazi, kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, aliulizwa na mtu mzima mwenye tai kama anavuta sigara. Hajawahi kuvuta. Amejifunza kucheka kwa kufumba mdomo, na picha zote za mahafali yake amefunga midomo kama aliyenuna. Ninapoona neno "asili" limeandikwa kwa maua juu ya ile pakiti, namfikiria yeye.

Hoja ya wauzaji naijua, maana wamenijibu nilipowaandikia: bibi zetu walikula magadi na hawakuumwa. Bibi zetu waliumwa. Ila meno ya kahawia yakiwa kwenye kila mdomo kijijini, hayaitwi ugonjwa, yanaitwa meno. Na asili haikuwahi kutia saini mkataba wa kutulinda. Villiaumite ni ya asili. Sumu ya nyoka ni ya asili. Neno hilo linatueleza kitu kilikotoka tu, halafu kwenye pakiti hii hata hilo halisemi, kwa kuwa hakuna jina la ziwa.

Lakini wapo wengine wanaonikera karibu sawa na hao, nao ni wale wa mabango ya afya: "Acha kutumia magadi." Basi, wamemaliza. Anayeandika bango hilo anapika kwa gesi. Maharage makavu bila magadi yanakaa motoni saa nyingi, na kila saa ni kuni zilizobebwa kichwani au mkaa ulionunuliwa kwa kopo. Alkali ya magadi inavunja kile kinachoshikilia kuta za punje, ikalainika mapema. Kisamvu vilevile, makande vilevile. Hiyo ni teknolojia, tena nzuri, iliyogunduliwa na watu ambao hawakuwa na maabara. Ukimwambia mama aache bila kumpa kitu badala yake, umemwongezea gharama ya mkaa kisha ukaiita elimu. Soda ya kupikia ya dukani, iliyosafishwa kiwandani, inafanya kazi hiyo hiyo bila floridi ya ziwani, na kijiko kidogo kinatosha. Kuloweka maharage usiku kucha nako kunasaidia sana. Haya yangeenea kwenye bango moja, na nafasi ya nembo za wafadhili ingebaki.

Na fani yangu mwenyewe? Tuna mashine za kutambua kila fuwele kwenye punje ya vumbi. Tunajua tofauti ya ukoko na vumbi kwa miongo sasa. Yote tumeyaandika kwa Kiingereza, kwenye majarida ambayo hata sisi wenyewe tunashindwa kuyalipia, kisha tunashangaa wananchi "hawana uelewa". Nilipomweleza mwalimu mmoja kwamba nataka sura ya mwisho ya tasnifu yangu itoke pia kama kijarida cha Kiswahili cha kurasa nne kwa ajili ya wauza magadi, aliniuliza kitanipa alama ngapi. Swali la haki kabisa kwa mfumo tulio nao, na ndiyo maana mfumo huo unanichosha.

Chumvi ya mezani tuliitungia sheria itiwe madini joto, kwa sababu tulichoka na tezi za shingo. Leo hata duka la pembeni kabisa lina pakiti yenye maandishi hayo. Magadi yanatoka kwenye maziwa ya aina ile ile ya ukame, yanaingia kwenye sufuria zile zile, na sijawahi kukuta sokoni pakiti hata moja iliyoandikwa kiasi cha floridi. Kipimo chake si cha kurusha roketi. Unayeyusha sampuli, unazamisha elektrodi, unasoma namba. Ninafanya hivyo kila Jumanne. Anayeuza kwa bei ya mjini, kwenye mfuko wenye zipu na nembo iliyochorwa na mbunifu, ana uwezo wa kulipia kipimo hicho. Asipotaka, aondoe neno la kutuhakikishia usalama ambao hajaupima.

Wanaosema hilo litawaumiza wauzaji wadogo hawajazungumza nao. Mwezi uliopita nilikuwa soko la Kilombero, Arusha, kununua sampuli. Mama niliyemkuta alikuwa na malundo mawili, nikamuuliza haya yalivunjwa au yalikwanguliwa. Hakuniuliza ninamaanisha nini. Alishika bonge moja, akaligonga kwa kisu, likatoa mlio. "Haya ni ya Natron, mwanangu, ya kuvunja. Haya ya unga yanaletwa na lori tu, yanakokwanguliwa sijui. Unga wateja wangu wa zamani hawaugusi." Nikamuuliza basi huwa anamuuzia nani.

"Hawa vijana wenye simu. Wananunua gunia zima."