Mpiga Debe na Fundi

Katika kituo cha mabasi cha Tunduma msafiri hulakiwa kwanza na mpiga debe, alisifuye basi kwa sauti kuu. Fundi aliyelala chini ya basi hilo akikagua breki hasikiki. Lakini basi likifika kwenye mteremko mkali wa barabara ya Mbeya, usalama wa abiria hutegemea kazi ya fundi, wala si sauti ya mpiga debe.

Mfano huu wafaa kuzipimia sarafu za kidijitali, ambazo vijana wetu hushawishiwa wazinunue. Shilingi na kwacha zinazobadilishwa pale mpakani zina benki kuu nyuma yake. Sarafu ya kidijitali haina. Msingi wake ni programu ya kompyuta, nayo hutungwa na binadamu awezaye kukosea. Agosti 2010 kasoro moja katika programu ya Bitcoin iliruhusu kuundwa kwa sarafu zaidi ya bilioni 184, ilhali kikomo kilichowekwa ni milioni 21. Mafundi waliirekebisha kwa muda wa saa chache. Hapana tangazo ambalo lingefanya kazi hiyo.

Je, mafundi hao walipwe na nani? Mwaka 2015 jumuiya ya sarafu iitwayo Dash ilianza kutenga sehemu moja ya kumi ya sarafu mpya kwa kazi za pamoja, na wenye akiba kubwa wakapiga kura kuchagua miradi. Hivyo mtangazaji na mtengenezaji waliomba katika fungu moja. Disemba 2017 Dash moja ilizidi dola 1,400. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 100. Thamani ya fungu ikaporomoka vivyo hivyo.

Wapo wasemao kuwa sarafu isiyojulikana haina mtumiaji, kwa hiyo tangazo litangulie. Hoja hiyo ina uzito, kwani basi tupu halilipi mafuta. Hata hivyo, kila abiria anayeongezeka huongeza mzigo juu ya breki zilezile. Kwa maoni yangu, fungu likipungua, fundi alipwe kwanza.

Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitahadharisha kwamba sarafu hizo hazitambuliwi kisheria nchini. Basi, mwalimu na mwanafunzi, anayekushawishi umwulize: fundi wenu ni nani, na ujira wake watoka wapi? Akishindwa kujibu, usipande.