Muuguzi Wetu Analala Wapi?



Mwezi huu tuzungumze juu ya nyumba. Si nyumba ya Mungu, ni nyumba ya yule muuguzi unayemwita usiku mtoto akishikwa na homa.

Fikiri kidogo. Mama anashikwa na uchungu saa nane ya usiku pale Beni. Muuguzi wa zamu ni mmoja tu. Mwenzake amepanga chumba mbali sana, kwa sababu huko ndiko alikopata bei yake. Pikipiki za usiku mara nyingi zinakatazwa, na njia inaogopesha. Atafika namna gani?

Kuko jambo vijana wengi hawajui: wauguzi wengi wa hospitali za serikali hawapati mshahara wa serikali. Wanaishi kwa makuta ya wagonjwa na prime kidogo. Lakini mwenye nyumba anataka garanti ya miezi kadhaa, tena kwa dola!

Mnakumbuka Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8, 2018, ikaisha tarehe 25 mwezi wa 6, 2020. Zaidi ya watu 2,200 walikufa. Mashirika yalikuja Butembo na Beni, yakakodi nyumba kwa pesa nyingi, na bei ikapanda. Tarehe 19 mwezi wa 4, 2019, Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni, alipigwa risasi akafa hapa Butembo, ndani ya hospitali. Kisha wauguzi wetu wakaficha kazi yao. Wengine walibeba nguo za kazi ndani ya mfuko ili majirani wasijue.

Wakati ule dada mmoja, muuguzi, aliniomba chumba changu cha nyuma. Nilimwambia, "Dada, nyumba imejaa." Haikujaa. Niliogopa ugonjwa, niliogopa pia majirani. Na (niseme yote) nilingojea mtu wa dola. Siku ya Mungu nilisimama mimbarani nikaombea waganga.

Ninyi wa machimbo mnajua neno hili vizuri. Wazee waliofanya kazi Kilo-Moto wanakumbuka makambi: kampuni ilijua kwamba mtu wa kazi lazima alale karibu na kazi. Kweli, makambi yale yalikuwa na ubaya wake. Ukifukuzwa kazini, unafukuzwa na nyumba. Kwa hiyo siombi kambi. Ninaomba nyumba za bei ndogo, zenye barua ya mapatano, ambazo mwenye kupanga hafukuzwi kwa sababu ya maneno ya majirani.

Serikali ijenge, ndiyo, ni deni lake. Lakini makanisa yetu yana viwanja karibu na hospitali, vingine vinaota majani tu. Matofali ya kuchoma tunayo, waashi tunao, na vijana wa kubeba mchanga wako. Someni 2 Wafalme 4: yule mama wa Shunemu hakumpa Elisha jumba. Alimpa chumba kidogo juu, kitanda, meza, kiti na taa. Wazee wa kanisa, mkutano wenu ujao, ulizaneni: kiwanja gani?

Chumba changu cha nyuma sasa kina muuguzi. Garanti ni ya mwezi mmoja. Juzi usiku nilisikia mlango wake unafunguka, kisha viatu vyake vinashuka haraka kuelekea hospitali.