Ile "STI" ya Kihesa: Ukipigwa Ni Bahati Mbaya, Ukimpiga Mwenzako Ni Wizi

Kama unaishi Kihesa na simu yako ina bando, ile Impreza ya bluu yenye rimu za dhahabu umeshaiona. Mwenye nayo ni MC mmoja wa harusi, jina linabaki kapuni. Siku aliyoishusha mjini aliposti picha kama ishirini hivi, maneno chini: "STI OG, wengine mnasukuma." Likes zikamiminika kama mvua ya Machi.

Kumbe jamaa kapigwa mchana kweupe.

Kilichoanza kumshtua ni mlima wa Ipogolo. Noah iliyojaa abiria ilimpita kama amesimama. Akapeleka ndinga kwa fundi mmoja mtu mzima.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Hii ndo ile STI inayosemwa?"

"Ndo yenyewe."

"Mbona otomatiki, mwanangu?"

Dogo kimya.

Ipo hivi wadau. Impreza STI ya umbo lile, la 2000 hadi 2007, iliyotoka soko la Japani, ina gia sita za mkono. Ya otomatiki haikutengenezwa. Namba yake ya chesisi inaanza na GDB na injini yake ya turbo ni cc 1,994. Ya MC inaanza na GD3, cc hazifiki hata 1,500. Hiyo ni Impreza ya kawaida tu, ya kwendea kazini. Ile pua ya kwenye boneti ni pambo. Ukifungua, chini yake hamna turbo wala kipoozeo cha hewa.

Sasa kinachouma ni hiki: hayo yote yameandikwa kwenye kadi ya gari, aliyokabidhiwa mkononi siku ya kulipa. Dalali hakughushi hata herufi moja. Hakuwa na haja. Alishajua mteja wake anasoma stika, hasomi kadi. Na pesa yenyewe jamaa aliipata kwa kuuza kiwanja.

Usimcheke sana, jina la Subaru lina uchawi wake. Colin McRae alichukua ubingwa wa dunia wa rally na Impreza mwaka 1995, na mwaka 1997 akashinda Safari Rally hapo Kenya tu. Vijana wengi wa mjini hawakuwa hata wamezaliwa, ila bluu na dhahabu wanaijua. Madalali nao wanaijua, na wanaiuza.

Na hata Wamarekani wanapigwa hivi hivi. Kule watu wanachukua Pontiac Le Mans ya zamani, wanaibandika nembo za GTO, bei inapaa. Lakini GTO ya 1966 namba yake inaanza na 242. Ukikuta 237, hiyo ni Le Mans, hata ikipigwa rangi ya mbinguni.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata mia, soma kadi kwanza. Kisha fungua boneti, utazame namba iliyogongwa kwenye bati la ukuta wa nyuma ya injini, chini ya kioo cha mbele. Ilingane na kadi herufi kwa herufi. Ukiona alama za kuchomelea au rangi mpya hapo tu, ondoka. Namba ya injini nayo ikaguliwe, maana injini zinabadilishwa kila siku. Nenda TRA kuhakikisha kadi ni halali na jina ni la anayekuuzia. Na fundi umlete wewe. Fundi aliyeletwa na dalali anakula na dalali.

Hadi hapo MC anastahili pole. Shida ni kilichofuata.

Wiki iliyopita ile ndinga imerudi mtandaoni, inauzwa. Picha zile zile, maneno yale yale: "STI OG." Tena bei imeongezwa! Yaani mtu ameshaambiwa na fundi, kadi ameshaisoma, bado anamtafuta mwingine wa kumbebesha mzigo.

Watetezi wake wanasema na yeye anatafuta kurudisha kiwanja chake. Sawa, lakini kiwanja hakikuchukuliwa na huyo mteja ajaye. Pengine huyo naye ni dogo wa bodaboda aliyejinyima miaka mitatu. Dalali alipomuuzia MC, MC alikuwa mjinga. MC akimuuzia huyo dogo, MC ni dalali namba mbili.

Na hakuna aliyesema gari la kuigiza ni dhambi. Impreza ya kawaida iliyopambwa vizuri inapendeza, inakula mafuta kidogo, na baridi ya Iringa asubuhi haiisumbui. Ina mteja wake. Andika tu "Impreza 1.5, imepambwa kama STI," weka bei ya Impreza 1.5, uza, ulale usingizi. Hasara itabaki, ndiyo. Lakini Kihesa ni padogo, na MC anaishi kwa jina lake. Nani atampa kipaza sauti mbele ya wakwe mtu anayejulikana kwa kuuza uongo?

Wewe ungekuwa yeye ungeandika nini kwenye hilo tangazo? Shusha maoni hapo chini, matusi hapana.