Majigambo ya Mtaa wa Pantelimon
Wapo wahakiki wanaoudharau muziki wa kufokafoka wa Romania wakidai kwamba ni matusi matupu. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Kundi la B.U.G. Mafia lilizuka mwaka wa 1993 katika Pantelimon, mtaa wa Bucharest wenye majengo ya ghorofa ya enzi ya ukomunisti, makazi ya wafanyakazi wa viwandani. Utawala huo ulianguka mnamo 1989, na baadaye viwanda vingi vikafungwa. Vijana hao waliutaja mtaa wao jinsi shujaa wa majigambo anavyoutaja ukoo wake. Naam, matusi yamo, na wanawake wamedhalilishwa. Mhakiki na ayakemee hayo, kisha aisikilize fahari ya watu waliopoteza kazi wakakataa kuuonea haya mtaa wao.