Motokaa, Tela na Mlima

Baba mmoja wa Kasungami ametuandikia. Anakwenda Dar es Salaam kuleta mashine ya kusagia mahindi, ambayo yeye na mama wa nyumba yake wameiwekea akiba miaka mingi. Ataivuta katika tela nyuma ya Land Cruiser yake ya zamani, yenye injini ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo. Amesikia habari za Kitonga, katika mkoa wa Iringa, ambako barabara hupanda kwa kona kali. Basi auliza: afunge turbo?

Swali ni jema. Kadiri gari lipandavyo, hewa huwa nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja katika mia ya nguvu zake kwa kila mita 100. Lubumbashi yenyewe ipo mita 1,200 hivi juu ya bahari. Kwa hiyo hata hapa nyumbani sehemu 12 katika mia zimekwisha toweka pasipo dereva kujua. Turbo husukuma hewa ndani na kuziba pengo hilo. Lakini huongeza joto pia, na injini iliyochoka yaweza kuharibika njiani, mbali na fundi wake. Fedha hizo tungezitumia kwanza mahali pengine.

Hebu tupige hesabu, wanafunzi watusaidie. Gari la kilo 2,500 na tela la kilo 1,500 ni kilo 4,000. Mahali barabara ipandapo mita 8 katika kila mita 100, uzito huo huvuta nyuma kama kilo 320 zinazoning'inia katika kamba. Kuupandisha kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa kwataka nguvu za farasi 95 hivi, bila kuhesabu upepo. Kwa mwendo wa 40, nusu yake tu. Dereva anayekubali kupitwa na wengine hupata nguvu pasipo kulipa faranga hata moja. Na ateremshe gia kabla ya kilima, asingoje injini ianze kulia.

Tena twaona mjini watu wanafunga mipira mikubwa ili gari lionekane refu. Gurudumu likiongezwa kimo sehemu moja ya kumi, uvutaji hupungua karibu kadiri hiyo hiyo. Ndugu yetu atusamehe, maana ametuambia mwenyewe kwamba ameifunga. Airudishe ile ya asili.

Rejeta isafishwe vumbi na matope, feni ikaguliwe. Mshale wa joto ukipanda mlimani, apunguze mwendo na kufungulia hita, ijapokuwa jasho litamtoka. Ukizidi kupanda, asimame mahali pa salama, wala asifungue kifuniko cha rejeta kingali cha moto. Mashine nayo ikae juu ya ekseli ya tela, mbele kidogo, hata karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote wa tela ilale juu ya ndoano ya gari. Mzigo ukielemea nyuma, tela huyumba, na likianza kuyumba katika mteremko ni vigumu kulituliza.

Nasi twaogopa mteremko kuliko mlima. Gari lisiloweza kupanda husimama. Lisiloweza kushuka halisimami. Baada ya Kitonga, njia ya Mbeya na Tunduma ina miteremko yake, na hapo atakuwa na mashine nyuma yake. Barua yasema tela halina breki. Katika nchi nyingi tela la namna hiyo haliruhusiwi kupita kilo 750. Lake litakuwa na mara mbili ya hizo. Basi fedha za turbo zinunue breki za tela. Mafuta ya breki za gari yabadilishwe pia, ikiwa yamepita miaka miwili, kwa sababu hunyonya maji, nayo maji huchemka breki zikipata moto, kisha pedali huzama pasipo kushika. Atakaposhuka, aingize gia ndogo tangu juu, akanyage breki kwa nguvu kidogo na kuachia, asizikalie njia nzima.

Breki zikiwa hazijapatikana kabla ya safari, mashine ipande lori, naye afuate nyuma na tela tupu.

Swali lake la pili, juu ya ushuru wa Kasumbalesa, tutalijibu juma lijalo.