Barua zako si zako mpaka ziwe kwako

Februari 2011 kuna watu walifungua Gmail asubuhi wakakuta sanduku tupu. Barua za miaka, picha, mikataba, salamu za marehemu, vyote havipo. Google wakasema waliokumbwa ni kama asilimia 0.02 ya watumiaji. Kwa hesabu ya darasani hiyo ni punje. Kwa huduma yenye watumiaji mamilioni kwa mamilioni, punje hiyo ni watu wa mji mzima.

Kilichonivutia ni namna barua zile zilivyorudi. Google walikuwa na nakala kadhaa katika vituo vyao mbalimbali, lakini hitilafu ya programu iligusa nakala zaidi ya moja kwa mkupuo. Walichokimbilia ni kanda. Ndiyo, kanda za sumaku, zile tunazodhani zilikufa na redio kaseti. Kanda zilisalimika kwa sababu hazikuwa mtandaoni, na kosa halikuwa na njia ya kuzifikia.

Sasa nikuulize, ndugu msomaji: kampuni yenye mafundi wa kila aina inaweka kanda pembeni. Wewe kanda yako iko wapi?

Najua jibu. "Si zipo Gmail?" Ndilo jibu la karibu kila rafiki yangu, na wengi wao ni watu wa kalamu: waandishi, watafiti, mawakili vijana, wanafunzi wa shahada ya pili. Watu ambao barua zao ndizo shamba lao. Msimamo wangu leo ni mfupi: mtu anayeishi kwa maneno anapaswa kuwa na nakala ya barua zake zote kwenye mashine yake mwenyewe. Na kama mashine hiyo ni Mac, ajifunze kuitengeneza nakala hiyo kwa kuandika amri katika lile dirisha jeusi wanaloliita Terminal, hata kama linamtisha.

Kwanza, akaunti si mali yako. Mei 2023 Google walitangaza kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo, na utaratibu huo ukaanza kutekelezwa Desemba mwaka huo huo. Waliojadiliana kwa baruapepe miaka ya 2000 wanaikumbuka pia Yahoo! Groups. Oktoba 2019 wenye mali walitangaza kuondoa kumbukumbu zilizohifadhiwa humo, na Desemba 2020 wakafunga duka lenyewe. Kuna mijadala ya miaka mingi iliyokwenda na maji. Hakuna aliyevunja sheria. Mwenye nyumba alibadili mawazo tu.

Pili, anuani ya ofisini ndiyo mbaya zaidi. Namfahamu dada mmoja aliyekuwa mwandishi wa kujitegemea wa chombo kimoja kwa miaka sita. Siku mkataba ulipoisha, kufika jioni neno lake la siri likawa halifungui kitu. Mawasiliano na vyanzo vyake, makubaliano ya malipo ambayo hayajalipwa, ushahidi kwamba habari fulani aliituma yeye na si mhariri, vyote vikabaki upande wa pili wa mlango. Alipodai haki yake akaulizwa ushahidi uko wapi. Ushahidi ulikuwa kwenye seva ya wanaodaiwa! (Hapa tahadhari: soma mkataba wako. Barua nyingine za ofisi huna ruhusa ya kuzibeba, na sikutumi ukaibe. Ila makubaliano yako ya kazi na malipo, yatume pia kwenye anuani yako binafsi tangu siku ya kwanza.)

Tatu, mtandao wetu hukatika. Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, ziliharibika na Afrika Mashariki ikajikuta inatambaa. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, Tanzania intaneti ilizimwa na siku kadhaa zikapita kabla haijarudi. Mwandishi ambaye kumbukumbu zake zote ziko ng'ambo, siku kama hizo anabaki na simu na hisia zake. Mwenye nakala mezani anaweza kutafuta aliambiwa nini na nani mwaka juzi, bila bando hata la shilingi moja.

Haya, tumekubaliana kwamba nakala inahitajika. Kwa nini dirisha jeusi, wakati kuna programu nzuri zenye vitufe? Kwa sababu programu ile ya vitufe inayokuja na Mac haikupi nakala ya akiba. Inakupa kioo. Itifaki ya IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin mwaka 1986, nia yake ni barua kukaa kwenye seva na wewe kuziangalia kutoka popote. Ukifuta upande mmoja, upande wa pili nao unafuta. Kwa kazi za kila siku hilo ni jambo jema. Siku mtu akiingia kwenye akaunti yako akafuta kila kitu, kioo kitaonyesha kwa uaminifu kabisa kwamba huna kitu.

Chombo ninachokipigia debe kinaitwa mbsync, kimo ndani ya furushi linaloitwa isync. Ni cha bure, ni kidogo, na kinafanya kazi moja. Kinachukua barua kutoka seva na kuziweka kwako kwa mtindo wa Maildir, uliobuniwa na Daniel Bernstein miaka ya 1990: barua moja, faili moja. Hakuna ghala la siri linalofunguliwa na programu moja tu. Ukiiondoa mbsync kesho, barua zinabaki maandishi kwenye folda, na programu nyingine itazisoma.

Utakutana na OfflineIMAP pia, ya mwaka 2002. Maelezo mengi ya zamani yanaisifu, na iliwasaidia wengi. Lakini toleo lake la asili liliegemea Python 2, na Apple waliiondoa Python 2 kwenye macOS 12.3 mwaka 2022. Ukifuata maelekezo ya 2010 kwenye Mac ya leo utatoka jasho bure. Angalia tarehe ya maelekezo kabla ya kuyafuata.

Njia yenyewe ni hii. Mac haina duka la zana za namna hii, kwa hiyo unaanza na Homebrew, duka la bure lililoanzishwa na Max Howell mwaka 2009. Kwenye tovuti yake kuna mstari mmoja wa kunakili na kubandika kwenye Terminal. Itakuomba neno la siri la Mac yako, na ukiandika hutaona chochote, hata nyota. Watu wengi huishia hapo wakidhani kibodi imekufa. Haijakufa, andika ubonyeze Enter. Kisha itashusha zana za Apple, na huo ni mzigo mkubwa, kwa hiyo ifanye penye mtandao wa bure au usiku wenye bando la ofa.

Mtego wa pili: ukimaliza na kuandika brew, unaweza kujibiwa kwamba amri hiyo haijulikani. Mac za chipu mpya, M1 na kuendelea, huweka Homebrew kwenye /opt/homebrew, na Terminal haijui kutazama huko mpaka uielekeze. Mwisho wa usimikaji Homebrew yenyewe huchapisha mistari michache ya kufanya hivyo, chini ya maneno "Next steps". Nakili, bandika, bonyeza Enter. Baada ya hapo andika brew install isync, na chombo unacho.

Sasa Gmail. Neno lako la siri la kawaida halitakubaliwa, na usidhani umelikosea. Tangu Mei 2022 Google wamezuia programu za nje kuingia kwenye akaunti binafsi kwa neno la siri la kawaida. Washa uthibitisho wa hatua mbili, kisha tengeneza neno la siri la programu, lile la herufi 16. Usiliandike wazi kwenye faili la mipangilio. Mac ina kabati lake la siri, Keychain, na mbsync inaweza kuambiwa iende kuchukua humo kila inapohitaji.

Faili la mipangilio linaitwa .mbsyncrc, linakaa kwenye folda yako ya nyumbani. Limeandikwa kwa mantiki ya posta: hii ni akaunti, hili ni ghala la mbali, hili ni ghala la karibu, na huu ni mfereji unaounganisha maghala mawili. Mifano imo kwenye mwongozo, andika man mbsync. Ila kuna maneno machache ambayo siwezi kuyaacha, maana ndiyo yanayotenganisha kioo na kanda.

La kwanza ni Sync Pull New. Maana yake: vuta barua mpya kuja kwangu, basi. Usisukume kitu kwenda huko, na wala usinifuatishe kwa yaliyofutwa huko. Mengine ni Expunge None na Remove None: usifute barua wala folda upande wowote. Ongeza Create Near, ili folda isiyokuwapo kwako itengenezwe. Ukiweka hivyo, hata seva ikifutwa yote usiku wa leo, kesho mbsync itakuta hakuna jipya la kuvuta na barua zako za zamani zitakaa zilipo. Mifano mingi inayozagaa imeandikwa kwa ajili ya kulinganisha pande mbili, kwa hiyo ukinakili bila kusoma, umejenga kioo kingine kwa jasho zaidi.

Kwa Gmail, vuta folda moja tu, ile ya barua zote, iitwayo [Gmail]/All Mail. Lebo za Gmail huonekana kama folda, na barua yenye lebo tatu itashuka mara tatu. (Kama Gmail yako umeiweka kwa Kiswahili, jina la folda hilo nalo hubadilika, liandike kama linavyosomeka kwako.) Kisha endesha mbsync na jina la mfereji wako, ukapike. Google huweka kikomo cha MB 2,500 za kushusha kwa siku kupitia IMAP, hivyo mwenye sanduku la GB 12 ajiandae kwa siku tano au zaidi. Ikikatika, irudie tu, itaendelea ilipoishia. Baada ya hapo, mara moja kwa juma inatosha.

Na usiseme una nakala mpaka umeisoma. Zima Wi-Fi, weka programu kama mutt (nayo ipo Homebrew), elekeza kwenye folda hiyo, utafute barua ya mwaka wa kwanza kabisa. Ikifunguka na kiambatisho chake, una nakala. Halafu funga folda nzima kuwa faili moja kwa amri ya tar kabla ya kuihamishia kwenye diski ya nje, kwa sababu majina ya faili za Maildir yana alama ya nukta mbili, na Windows haikubali alama hiyo kwenye jina la faili.

Najua pingamizi lipi linakuja, na ni la maana. "Umetuambia tuweke barua zote kwenye kompyuta inayobebwa kwenye daladala. Ikiibiwa je? Ikichukuliwa na watu wenye mamlaka je?" Ni kweli, nakala ni ulinzi na ni hatari kwa wakati mmoja. Kwa hiyo washa FileVault, usimbaji wa Mac nzima, kabla ya kuvuta barua ya kwanza. Diski ya nje nayo isimbwe. Na chanzo ambaye maisha yake yako hatarini, mazungumzo yake hayakupaswa kuwa kwenye baruapepe tangu mwanzo. Akiba ni ya vitu unavyotaka vidumu. Vile usivyotaka vidumu, vina taratibu zake.

Pingamizi la pili ni la uvivu: "Haya ni mambo ya mafundi wa kompyuta, mimi ni mwandishi." Hapo sikubaliani hata kidogo. Bibi zetu hawakuwa mafundi seremala, lakini kila mmoja alijua sanduku lake la mbao lina nini na ufunguo uko pindo gani la khanga. Sisi tuna shahada, na nyaraka za maisha yetu tumeziacha kwa mtu tusiyemjua, tukiamini kwamba yupo tu siku zote.

Amri tatu nne, jioni mbili za Jumamosi, na bando la kutosha. Hiyo ndiyo gharama. Siku akaunti itakapofungwa au waya utakapokatika, hakuna atakayekuuliza ulitumia dirisha jeusi au jeupe. Utaulizwa barua iko wapi.