Tuwachanje Mbwa Wote, wa Nyumbani na wa Shambani

Ndugu zangu wa Nachingwea na Ruangwa,

Msimu wa korosho ukikaribia, mbwa wetu hutufuata shambani. Ndiye anayekesha nje ya kibanda, anayefukuza ngedere mchana na nguruwe pori usiku. Wengi ni mbwa wa kienyeji waliochanganyika damu, na tumezoea kusema hawa ni wagumu, hawaugui. Ugumu huo huwasaidia kuvumilia jua na njaa. Kichaa cha mbwa hakiuogopi.

Ugonjwa huu hauna tiba dalili zikishatokeza, kwa mbwa wala kwa binadamu. Duniani unakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na watoto ndio wanaoumia zaidi. Hata nyumba isiyofuga mbwa haijasalimika, kwa sababu mtoto wake hupita njia ileile kwenda shule.

Kwetu Kusini kuna jambo la ziada. Watafiti waliofuatilia ugonjwa huu Lindi na Mtwara walikuta bweha wengi wakiugua, na wa kwanza kukutana na bweha ni mbwa wa shambani. Hata hivyo walihitimisha kwamba wanaouendeleza ugonjwa ni mbwa tunaowafuga. Tukiwachanja wa kutosha, maambukizi yatakatika.

Wa kutosha ni wangapi? Angalau 7 kati ya kila 10, na kila mwaka, kwa kuwa mbwa wa vijijini hawaishi miaka mingi na kila msimu wanazaliwa wengine wasio na kinga. Ukimchanja wako peke yake umefanya vyema, lakini kijiji hakijapona.

Haya yanawezekana. Kuanzia mwaka 2010 wilaya zetu zilikuwamo katika mradi wa Serikali na Shirika la Afya Duniani wa kuwachanja mbwa kusini mwa Tanzania na Pemba. Pemba ugonjwa ulikoma mwaka 2014. Mwaka 2016 uliingia tena, wakachanja tena, na kufikia 2018 ukatokomezwa. Tujifunze yote mawili: chanjo inashinda, na ukizembea adui anarudi.

Kwa hiyo naomba tufanye haya kwa pamoja.

Wenyeviti wa vitongoji, orodhesheni mbwa wote, pamoja na wanaolala mashambani na wale wasio na mwenyewe. Maafisa mifugo, tangazeni siku ya chanjo mapema, misikitini, makanisani na kwenye magulio, na ikiwezekana iwe karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kabla watu hawajazama kwenye korosho. Vituo visiishie makao makuu ya kata.

Wenye mbwa, msimwachie mtoto mdogo kazi ya kumburuta mbwa mkali kwa kamba. Aende mtu mzima anayemjua mbwa huyo, ambane kati ya magoti, amshike kichwa. Sindano ya shingoni haichukui hata dakika. Pelekeni na vitoto vya mbwa, kisha tunzeni kadi. Siku hiyohiyo muulizeni mtaalamu dawa ya minyoo na ya kupe, na mkirudi nyumbani mbwa apate maji safi na chakula chake, asiachwe ajitafutie jalalani.

Tunaojiepusha na mate ya mbwa kwa sababu ya dini, nasi tunahusika. Mafundisho yetu yanamsifu aliyemnywesha mbwa mwenye kiu. Kumkinga na maradhi ni wema wa aina hiyohiyo.

Na mtu akiumwa, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu, lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbizwe hospitali akachomwe chanjo na amalize sindano zote. Asingoje kuona kama mbwa atakufa. Mbwa aliyebadilika tabia, anayeng'ata ovyo au kutokwa mate mengi, taarifa zake zifike kwa afisa mifugo siku hiyohiyo.

Dunia imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 asife tena mtu kwa kichaa kinachotoka kwa mbwa. Lengo hilo litatimia au litashindwa vijijini kwetu. Mkutano wa kijiji ujao, simama uulize: mbwa wetu wanachanjwa lini?